Kauli ya Bonde

Kosa lenyewe lilikuwa neno moja, tena neno ambalo sikulisema. Wengine hukosa kwa kuropoka. Mimi nilikosa kwa kujiona fundi wa lugha.

Ilikuwa Jumatano, saa sita na nusu mchana, kituoni Kwenyunga, ukingoni mwa milima. Chini yetu upande wa mashariki lilikuwa bonde la Kijungu, na nyuma ya bonde, wingu. Sisemi mawingu. Lilikuwa moja tu, limeziba upande wote wa bahari. Nyuma yetu, mwendo wa saa moja kwa gari, ulikuwa mji wa Kwezinga, watu elfu ishirini na nane waliojenga juu ya mteremko ambao tangu mwezi wa tatu ulikuwa na ufa wa kuingia mkono.

Kazi yetu ilikuwa kulikamua lile wingu kabla halijafika mlimani. Tulikuwa na maputo mia mbili yaliyobeba unga wa chumvi. Yakipaa na kumwaga unga wake, mvuke unashika punje za chumvi, unakuwa matone, na mvua iliyokusudia kuangukia Kwezinga inamalizika bondeni. Kwa hiyo bonde lazima liwe halina mtu. Siku mbili kabla tunawatangazia watu wa Kijungu, nao wanapanda na mifugo yao hadi Mawe Meupe, mwinuko ulio mwendo wa saa tatu kwa miguu. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumekamua mara nne na hakuna aliyelowa hata kanga.

Sauti ya matangazo ilikuwa yangu. Naitwa Mwamvua Hamisi, mzaliwa wa Tanga mjini, na utani wote unaoweza kutungwa juu ya mtu aitwaye Mwamvua afanyaye kazi ya mvua nimeshausikia, usijisumbue. Niliajiriwa kwa sababu ya Kiswahili changu. Walisema kimenyooka.

Basi saa sita na nusu ikaja pikipiki, na juu yake Namnyaki Lekule, mwenyekiti wa kitongoji cha Kijungu, mwanamke wa rika langu, mrefu, ambaye hakuwahi kuja kituoni bila kudai kitu.

"Hodi, Mama Sauti," akasema. Bondeni hakuna aliyeniita kwa jina langu. Walinijua kwa vipaza sauti.

"Karibu, Mwenyekiti. Mmeshafika juu salama? Mifugo haijambo?"

"Juu wapi? Nimekuja kuomba maturubai. Yale ya mwaka jana yameliwa na mchwa. Kesho tukihamia Mawe Meupe, watoto watalala wapi?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania, maana watu wa bondeni wana utani mkavu, hawatabasamu mpaka ukasirike. "Kesho mtakuwa mnaogelea," nikamwambia.

Yeye hakucheka. "Tumepanga vizuri," akasema. "Kesho asubuhi mbuzi wanywe, mchana tufunge mizigo, jioni tupande. Usiku wa Alhamisi mvua ikija inatukuta juu. Si ndivyo ulivyosema?"

Nikaacha kucheka.

"Mama Namnyaki," nikasema, "usiku wa leo, jua likizama, huo ni usiku wa siku gani?"

Akanitazama kwa huruma, akidhani ninaumwa. "Leo Jumatano. Usiku wa leo ni wa Jumatano. Utakuwa wa nani mwingine?"

*

Kwetu pwani, usiku hutangulia mchana wake. Jua la Alhamisi likizama, hapo hapo ni usiku wa Ijumaa, watu wanasoma Yasini, na hakuna anayeuliza. Bibi yangu angekwambia njoo usiku wa Jumatatu, ukaja Jumatatu baada ya magharibi, ungekuta amelala na angekucheka wiki nzima. Mwongozo wa kituo ulijua kwamba nchi hii ina watu wa kila namna, ndiyo maana ulituagiza tuseme "usiku wa kuamkia". Usiku wa kuamkia Alhamisi. Hapo Mpare haelewi vibaya, Mmaasai haelewi vibaya, wala mtu wa Tanga.

Mimi Jumatatu ile nilikuwa na tangazo refu. Nikalisoma, nikaliona lina mafuta mengi, nikapunguza. Neno "kuamkia" nililiona pambo. Masikioni mwangu "usiku wa Alhamisi" na "usiku wa kuamkia Alhamisi" ni kitu kimoja, sawa na mtu aseme maji ya kunywa au maji tu ukiwa umeshika glasi. Nikalikata. Nakumbuka hata nilijisifu kimoyomoyo kwamba sasa sentensi inakwenda vizuri.

Baada ya tangazo, mtambo wa Mnadi ulipiga simu kila boma na kuuliza, kwa sauti yangu hiyo hiyo, "Mtakuwa mmehama kabla ya usiku wa Alhamisi?" Watu mia tatu na arobaini walijibu ndiyo. Hawakudanganya. Vichwani mwao walikuwa na siku nzima zaidi ya niliyowapa.

Nilitoka nje nikikimbia. Shekalaghe, fundi wa maputo, alikuwa akikagua kamba. Msambaa wa Kwezinga, mtu wa miaka hamsini na kitu, ambaye kwa miaka sita alikuwa akiniambia kwamba watu wa pwani tunajua kusema tu. Nilipomweleza, nilingoja aseme hivyo. Hakusema. Alishusha ile kamba taratibu.

"Wamo wote?" akauliza.

"Wote."

"Na visima?"

Hapo ndipo nilipokaa chini, maana visima nilikuwa nimevisahau. Miezi minane haikuwa imenyesha. Malisho ya juu yalikuwa yamekauka, kwa hiyo watu walikuwa wameshuka hadi ndani kabisa ya mto wenyewe, kwenye mchanga, wakichimba visima vya kina cha mtu mmoja ili mbuzi wanywe. Walikuwa wanaishi mahali maji yatakapopita.

*

Tulifanya yote ambayo mtu mwenye akili angefanya, na tuliyafanya haraka. Nilisoma tangazo jipya mara tatu: hameni sasa, si kesho, sasa, acheni vitu. Namnyaki hakungoja nimalize. Aliomba redio ya upepo, Shekalaghe akampa ya kwake, akaigeuza pikipiki kuelekea bondeni.

"Wakubwa watakuja kukuuliza," aliniambia kabla hajaondoka. "Mimi nitakuuliza baadaye."

Nilimpigia mkurugenzi wetu, Bwana Rutashobya, aliye makao makuu. Alinisikiliza bila kunikatiza. "Saa ya kukamua ni kumi na mbili jioni," akasema. "Sasa ni saa saba. Una saa tano, nao wanahitaji tatu. Tulia, Mwamvua. Hili litabaki kuwa kichekesho cha ofisini."

Nilimpenda sana kwa maneno hayo. Nilimpenda kwa dakika arobaini, mpaka Shekalaghe aliponiita nije kuona vipimo vya bahari.

Maboya yalikuwa yanasoma nyuzi joto thelathini na moja na nusu. Maji ya namna hiyo bibi yangu asingeyajua. Hewa ikipata joto la nyuzi moja zaidi inaweza kubeba mvuke wa ziada kama asilimia saba, na kuupata inaupata popote: baharini, mabwawani, kwenye udongo, kwenye majani ya mahindi ya watu. Miezi minane ya ukame haikuwa balaa jingine mbali na hili wingu. Ni hewa ile ile. Ilikuwa imekunywa nchi nzima, na sasa ilikuwa inarudi na tumbo. Na udongo uliokaushwa miezi minane haunywi tena, unakuwa sakafu. Wazee walikuwa wakiita hii mvua ya mwezi mzima. Sisi tungeipata kwa saa tisa.

"Linakuja haraka," Shekalaghe akasema. "Angalia kasi. Saa kumi na mbili litakuwa limeshapita bonde."

"Saa ngapi, basi?"

Alipiga hesabu kwa kalamu ingawa mtambo ulikuwa umeshapiga. Ni tabia yake. "Kumi na moja kasoro robo. Ukichelewa sana, kumi na moja. Baada ya hapo unakamua hewa."

"Tukamue nusu? Tuanze kidogo kidogo, huku wanaondoka?"

Alinitazama. Nilijua jibu, nilitaka tu asiseme. Mvuke ukigeuka maji unaachia joto lake. Joto hilo linainua hewa, hewa ikipanda inavuta mvuke mwingine kutoka pembeni, nao unageuka maji, unaachia joto. Wingu likishaanza kukamuliwa linajikamua lenyewe, na litasimama pale pale ulipolianzishia mpaka liishe. Hakuna nusu. Ni bonde au ni mlima.

"Na Kwezinga hawawezi kuondoka," nikasema.

"Ufa uliikata barabara Jumapili," akajibu. "Unajua."

Nilijua. Nilijua pia kwamba mkewe yuko Kwezinga, na mama yake, mtaa wa juu, jirani na ufa.

*

Mpaka saa tisa, redioni Namnyaki alikuwa amehesabu watu mia moja na tisini waliofika Mawe Meupe au walio njiani. Saa tisa na nusu, mia mbili sitini. Tulikuwa tunaandika ukutani kwa chaki. Saa kumi, mia mbili tisini na saba, na hapo hesabu ikasimama.

"Wengine wako wapi?" nikamwuliza redioni.

"Wachungaji." Alikuwa anahema. "Walitoka na mbuzi alfajiri kwenda visima vya juu, kule mto unapopinda. Simu huko hazishiki. Wako arobaini na tatu. Nimetuma vijana wawili, sasa nakwenda mwenyewe. Nashipai yuko huko."

"Nani Nashipai?"

"Binti yangu."

Nikamwambia aende. Nikamwambia nina mpaka saa kumi na moja. Hilo nilimwahidi, na ukweli ni kwamba nilimwahidi dakika zilizokuwa za watu wengine.

Saa kumi na nusu upepo ulianza, wa baridi, ukitoka kwenye wingu, dirisha likajifunga lenyewe. Bondeni hatukuona tena kitu. Setilaiti ilikuwa inaona mgongo wa wingu tu. Vidrone vyetu viwili tulivirusha, na vyote viwili vilirudishwa vikibingirika.

Sasa niseme juu ya Kauli, maana bila hiyo mtu hatanielewa. Mtambo wa maputo haukamui bila kauli ya mtu. Waliotunga sheria waliogopa siku ambayo mashine itahesabu watu wachache na watu wengi na kuamua yenyewe. Kwa hiyo mtambo unauliza, "Bonde ni tupu?" na ofisa wa zamu anajibu kwa sauti yake, akiwa amekaa kitini, mapigo ya moyo yakisomwa ili isije kuwa ameshikiwa bunduki. Majibu ni mawili. Tupu. Si tupu. Ukisema si tupu, maputo yanabaki chini. Hakuna jibu la tatu la kusema wamo, ninawajua, na bado. Walidhani wametuwekea kizuizi, kumbe walituwekea uongo tayari kwa matumizi.

Bwana Rutashobya alikuwa kwenye kioo cha mawasiliano tangu saa kumi. Sura yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Mwamvua," akasema, "umewaona hao arobaini na tatu kwa macho?"

"Hapana."

"Una kifaa chochote kinachokuonyesha kuna mtu bondeni?"

"Nina mama mwenye redio."

"Nakuuliza kifaa. Mnadi una ndiyo mia tatu na arobaini za watu waliosema watahama. Setilaiti haionyeshi mtu. Kwa unavyojua wewe, kwa mujibu wa vifaa, bonde ni tupu. Hutakuwa umesema uongo."

Hakuwa mtu mbaya. Natamani angekuwa mbaya, ningekuwa na wa kumchukia. Alikuwa anajaribu kunipa mahali pa kuweka mguu.

"Bwana Mkurugenzi," nikasema, "nikilisema nitalisema nikijua. Usinipunguzie."

Nikamgeukia Shekalaghe. Alikuwa amesimama mlangoni, kaupa mgongo mji wake.

"Mghosi, niambie kitu," nikamwambia. Mghosi ndivyo Wasambaa wanavyomwita mwanamume wanayemheshimu, na katika miaka sita sikuwa nimewahi kumwita hivyo ila kwa dhihaka.

"Usiniulize mimi," akasema. "Mke wangu yuko kule. Mama yangu yuko kule. Lolote nitakalosema ni lao. Kwa hiyo usinisikilize." Kisha akaongeza: "Ila sitaondoka humu ndani. Utakalosema, nitakuwa nimelisikia."

Saa kumi na dakika arobaini na tano. Mtambo ukauliza, kwa ile sauti yake ya upole, "Bonde ni tupu?"

Sikujibu. Mtambo unangoja dakika tano kisha unauliza tena. Nilizitumia zote.

Saa kumi na dakika hamsini. "Bonde ni tupu?"

Nikashika redio. "Namnyaki!"

Upepo. Mbuzi. Kisha yeye. "Nimewaona! Nawaona! Wako ng'ambo, nawapungia mkono! Tupe nusu saa!"

"Sina nusu saa. Kimbieni ukingo wowote, acheni mbuzi, pandeni popote."

"Ukingo ni mrefu hapa, Mama Sauti. Ni kama ukuta. Lazima turudi chini mpaka penye njia. Nusu saa tu."

"Wingu linaondoka. Likiondoka linakwenda Kwezinga. Kule ni watu elfu ishirini na nane."

Nilisikia akimwita mtu kwa Kimaasai, kisha akarudi.

"Mimi watu wa Kwezinga siwajui," akasema. "Wewe nakujua. Ulituambia Alhamisi."

Mtu anaweza kutukanwa miaka mingi asisikie kitu. Mimi maneno yale sijui nitayapeleka wapi.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi niliyekosea. Na ni mimi ninayeanza sasa hivi. Nimetaka uisikie kwangu. Panda, Namnyaki. Chochote kilicho juu, panda."

"Ngoja," akasema. "Ngoja, ngoja, ngoja."

Saa kumi na dakika hamsini na tano. "Bonde ni tupu?"

Nililia, sitaki mtu aandike kwamba nilikuwa na moyo wa chuma. Nililia mpaka ikabidi nijifute pua ili mtambo usije ukasema hausikii vizuri. Kisha nikasema, kwa Kiswahili changu kilichonyooka, "Tupu."

Maputo mia mbili yakapaa kwa pamoja, meupe. Kwa dakika kama kumi hivi hapakuwa na chochote, na mimi nilipata wazimu wa kutumaini kwamba imeshindikana. Halafu chini ya wingu pakawa peusi, na tukasikia mlio ambao mara nne zile za mwanzo tuliufurahia.

*

Kwezinga ulibaki umesimama. Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi Shekalaghe alimpata mkewe kwenye simu. Mkewe alisema walinyeshewa manyunyu tu na kwamba mama amelala vizuri, ila analalamika miguu. Shekalaghe alikata simu, akaenda nyuma ya ghala la maputo, akakaa huko muda mrefu. Sikumfuata.

Bwana Rutashobya alinitumia taarifa iliyokwisha kuandikwa, inayotaka kibali changu tu. Kiasi cha mvua bondeni, milimita mia sita na kumi. Madhara mlimani, hakuna. Vifo, hakuna. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: bonde lilikuwa tupu kwa kauli ya ofisa wa zamu. Aliongeza kwa mkono wake kwamba nipumzike, kwamba jambo la tangazo litashughulikiwa ndani, taratibu.

Saa moja kasoro, redio ikakoroma. Haikuwa sauti ya Namnyaki. Ilikuwa ya Lemomo, shemeji yake, akitumia redio inayokaa Mawe Meupe.

"Mama Sauti, kumeanza kuonekana," akasema. "Mto umekuwa ziwa. Katikati kuna kisiwa cha mchanga, pale mto unapopinda, na kuna miti miwili mitatu. Kuna watu. Wamevaa nyekundu, tunawaona. Wengine mtini, wengine mchangani."

"Wangapi?"

"Siwezi kuhesabu. Zaidi ya kumi. Pengine ishirini. Maji bado yanapanda, mchanga unaliwa. Wanatupungia. Leteni ndege."

"Namnyaki yuko?"

"Mama, kwa umbali huu wote ni nguo nyekundu."

Nikapiga kikosi cha uokoaji. Akapokea mwanamke mwenye sauti ya kijana, akajitambulisha kwa heshima, Teddy wa zamu ya asubuhi, nikamweleza: bonde la Kijungu, kisiwa cha mchanga, watu hai, maji yanapanda. Nikasikia vidole vyake vikibonyeza. Vikasimama.

"Samahani, mama," akasema. "Kijungu jana ilikamuliwa."

"Ndiyo."

"Basi kumbukumbu inasema ni tupu. Mfumo haunipi ndege kwenda kwenye bonde tupu. Nikiomba, unakataa. Hebu ngoja nijaribu tena." Akajaribu. "Unakataa. Inaonyesha kuna kauli ya sauti, ya ofisa anaitwa Mwamvua Hamisi. Labda ungezungumza naye? Pengine alikosea."

"Ndiye mimi."

"Ulikosea, mama?" akauliza polepole. Nilimwelewa. Alikuwa ananifungulia mlango, binti wa watu, kama bosi wangu jana yake. Ofisa akikosea kwa kutojua kuna fomu yake, inapelekwa kwa kamati, inarudi baada ya siku mbili imepigwa muhuri. Ndege hairuki kwa fomu hiyo mpaka kamati ikae. Inaruka papo hapo kwa moja tu, ile ya uongo wa makusudi, kwa sababu hiyo inahesabika kuwa watu wamewekwa hatarini na mtu anayejulikana. Nami nilikuwa naijua sheria kuliko yeye, maana nilikuwa nimeisoma kwa sauti kwenye mafunzo ya kila ofisa mpya.

"Sikukosea," nikasema. "Nilijua wamo. Arobaini na tatu, na mama mmoja na vijana wawili waliowafuata, arobaini na sita. Nilikuwa nazungumza naye kwenye redio nilipokuwa nasema tupu. Andika hivyo."

"Mama, subiri kwanza. Ukiwa na mwanasheria…"

"Mchanga unaliwa, Teddy. Andika."

Nilisikia anavuta pumzi. Mlangoni Shekalaghe alikuwa amerudi, macho mekundu, amesimama pale pale alipokuwa amesimama jana.

"Nikiandika hivi," Teddy akasema, "mfumo unatoa amri mbili kwa pamoja. Ndege inakwenda Kijungu, na gari la polisi linakuja hapo kituoni kwako. Siwezi kutuma moja bila nyingine."

"Ipi itafika kwanza?"

Akaangalia. "Ndege. Dakika ishirini na mbili."

"Basi andika," nikamwambia.